Mwalimu Aliyefika Sake Kabla Yetu

Kila anayemkumbuka Mwalimu pale kijijini kwetu Kingi huanza na miguu yake. Watakuambia ilikuwa mirefu na mikavu, kwamba alipanda kilima cha kanisa bila kuhema, kwamba alipokuwa na wajukuu bado aliwaacha vijana nyuma. Yote ni kweli. Mimi nilimjua zaidi ya miaka thelathini, kama mwalimu wangu na kama mume wa shangazi yangu, na sikumpenda. Nasema mapema ili mtu asikae akingojea sifa.

Hata shangazi alimwita Mwalimu. Alifundisha michezo na jiografia katika sekondari yetu, na masomo hayo mawili aliyafundisha kwa namna moja: wewe unakwenda, yeye anakuambia umebakiza umbali gani. Alfajiri, kabla ng'ombe hawajakamuliwa, alikuwa tayari barabarani na kaputula yake nyeupe. Nyeupe, katika tope la Masisi. Kaputula hiyo shangazi aliifua kila mchana na kuipiga pasi ya makaa kila jioni, na kila asubuhi Mwalimu aliirudisha imejaa tope mpaka kiunoni, akaitundika kwenye msumari wa mlango. Nililala kwao wakati wa mitihani miaka mitatu mfululizo. Sikumsikia hata siku moja akisema asante.

Alikuwa na maneno yake. "Pumzi haidanganye," alisema. Au: "Muntu anachoka kichwani mbele ya kuchoka miguu." Aliyasema akiwa amesimama juu ya kilima na fimbo ya mkaratusi, sisi tukipanda na matumbo yaliyokunywa uji tu. Aliyechelewa alichapwa kwenye mashavu ya miguu. Mwaka wangu wa pili nilizimia katikati ya mwinuko. Waliokuwa nyuma yangu wamenisimulia kwamba aliwaonyesha kwa fimbo wapite pembeni, wasipoteze mwendo. Aliporudi kuteremka ndipo aliponinywesha maji, akaniambia nimepoteza dakika nne.

Lakini ni yeye aliyetufanya wasichana tukimbie. Hilo sitalificha. Wazazi wetu hawakutaka. Baba yangu alisema msichana wa kukimbia barabarani na mapaja nje hataolewa na mtu mwenye ng'ombe. Mwalimu alikuja kwetu jioni tatu mfululizo, akakaa kwenye kiti cha mbao, akanywa maziwa, akazungumza juu ya mapafu. Jioni ya tatu baba alichoka, akakubali. Nilipenda kukimbia kuliko kitu chochote nilichopewa utotoni, na kwamba nilipewa na mtu yule ni jambo ambalo limenikera mpaka leo.

Watu hupenda pia kisa cha Walikale. Mwaka mmoja mlima ulibomoka ukafunga barabara, na karatasi za mtihani wa mwisho zikabaki upande wa pili, huko Walikale. Mwalimu alizifuata, akazifunga katika mfuko wa plastiki, akazibeba mgongoni, akazileta kwa miguu kupitia msituni siku mbili na nusu. Watoto wakafanya mtihani wao. Prefe, mkuu wa shule yetu, alilia mbele ya watu. Akina mama walikuwa wamepika kuku, wakamwekea kiti. Akakataa kukaa. Alisimama pale akiwaonyesha kucha zake za miguu, mbili zilikuwa zimeng'oka, akawaeleza jinsi mteremko unavyosukuma kidole mbele ndani ya kiatu. Kisha akaenda kwake. Kuku waliliwa na wengine.

Alitukataza sukari, naye mfukoni alikuwa na vidonge vya sukari alivyovimung'unya akidhani hatumwoni. Alikuwa mzee wa kanisa, lakini alikaa karibu na mlango na kutoka kabla ya wimbo wa mwisho. Alisema mtu asiyejua kupumzika ni mjinga, na hakupumzika. Katika nyumba yake mwenyewe alikaa kama mtu aliyeshuka kwenye gari na dereva anampigia honi.

Mwana wake mmoja, ambaye mimi namwita kaka, alipata kazi ya kuendesha lori kati ya bandari ya Mombasa na Goma. Tangu hapo Mwalimu akapata bahari yake. Kila mwaka, msimu ulipofika wa mbio ndefu za mji ule, zile za kilomita arobaini na mbili, alipanda lori linaloteremka tupu kwenda kupakia. Siku tano za kwenda, siku tatu za kukaa, siku saba au nane za kurudi na mzigo. Aliporudi alisimulia kwa wiki nzima. Shangazi hakuwahi kwenda. Nyonga yake iliharibika tangu uzazi wa mwisho na alitembea kwa fimbo. Nilipomuuliza kama hatamani kuiona bahari, aliniambia ameisikia vya kutosha.

Sasa nitasema lile ambalo Kingi hawalisemi.

Siku risasi zilipoingia kijijini ilikuwa mchana, na mvua. Nilikuwa kwa shangazi nikimsaidia kuchambua maharage. Mwalimu alikuwa mlangoni. Tulisikia mlio wa kwanza, halafu mingine mingi upande wa malisho, na watu wakaanza kushuka kuelekea barabara ya mji wa Sake. Nilimkamata shangazi mkono. Nilipoinua macho, Mwalimu alikuwa ameshavuka ua. Alikuwa anakimbia. Si kukimbia kwa mtu aliyeshtuka: alikimbia vizuri, mabega chini, mikono karibu na mbavu, kama alivyotufundisha. Shangazi alimwita. Hakumwita Mwalimu, alimwita kwa jina lake la nyumbani, jina ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Aliita mara tatu. Mwalimu akapinda kwenye kona ya migomba.

Sisi tulitumia siku mbili. Shangazi alitembea hatua ishirini, akapumzika, akatembea ishirini nyingine. Tulilala chini ya turubai la watu tusiowajua, mvua ikipita chini yetu. Siku ya pili mwenye chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alimwonea huruma, akatupa gunia lake la makaa kando ya barabara, akampandisha shangazi juu ya ubao ule na kumteremsha mpaka Sake. Sikumwona tena mtu yule.

Tulimkuta Mwalimu karibu na soko, ndani ya ua wa kanisa, amekaa juu ya tofali, ameshanawa, anakula hindi la kuchemsha. Alituangalia. Midomo ya shangazi ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

"Masaa tatu na dakika kumi na moja," akasema. "Na barabara ilikuwa inateleza."

Shangazi aliketi karibu naye na kumwomba kipande cha hindi.

Kifua cha shangazi kilianza kuugua wiki ileile. Tulikaa kambini, katika kibanda cha turubai, na baridi ya mawe ya volkano inapanda mgongoni hata ukiwa umetandika majani. Alikohoa mpaka hakuweza kulala chali. Katikati ya hayo kaka akapita na lori, na msimu wa mbio ulikuwa umefika. Mwalimu alitembea tu kutoka kibandani mpaka barabarani na kurudi. Mimi nilimwambia shangazi kwamba akienda safari hii, hana moyo. Shangazi alinikatiza.

"Muache aende," alisema. "Akibaki atazunguka humu ndani sawa ngombe yenye kufungwa. Mi niko na wewe."

Akaenda. Shangazi alikufa siku ya tisa. Tulimzika Sake, kwenye mteremko ulio juu ya barabara, na Mwalimu aliporudi matanga yalikuwa yamekwisha na watu wametawanyika. Alinipa pakiti ya tende alizomletea mgonjwa. Niliitupa chooni mbele ya macho yake. Hakuuliza kaburi liko wapi. Mwaka uliofuata alienda tena, na uliofuata tena, na mimi nikahamia Goma kuuza maziwa na jibini, nikawa namwona mara chache, na kila nilipomwona nilihesabu umri wake kwa furaha mbaya.

Kwa hiyo kaka aliponipigia mwaka jana akaniomba nimsindikize baba yake Mombasa, nilishangaa. Alieleza kwamba Mwalimu sasa ana zaidi ya miaka sabini, moyo unaruka mapigo, daktari amemkataza, naye amekataa kukatazwa. Yeye kaka atakuwa bandarini akipanga foleni ya mzigo. Hakuna mwingine. Nilikubali haraka, akanishukuru sana. Hakujua sababu yangu. Nilitaka kuwa pale Mwalimu atakapoanguka.

Siku tano ndani ya lori tulizungumza labda maneno mia. Tulifika siku ya Ijumaa, tumeoza kwa jasho. Na hapo, mbele ya nyumba ndogo ya wageni nyuma ya soko la samaki, nilimwona mtu nisiyemjua. Mwenye nyumba, mama mnene mwenye leso kichwani, alitoka akicheka na mikono wazi.

"Mzee wa Kongo! Nilidhani mwaka huu umetutupa."

Mwalimu akacheka. Nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake ya nyuma. Akamuuliza mama yule habari za magoti yake, za binti yake aliyekuwa anasomea uuguzi, za paka. Alizungumza Kiswahili cha kitabu, kila neno limepigwa pasi, na mimi niliposema chumba changu iko wapi, mama yule akanirekebisha kwa upole, na Mwalimu akacheka tena pamoja naye. Nilikwenda kukaa kitandani na viatu vyangu.

Jumamosi tulikwenda kuchukua namba yake ya kifuani. Macho yake hayakuweza tena kusoma karatasi, kwa hiyo nilimsomea kila kitu: fomu, namba, maelezo ya vituo vya maji. Vijana waliokuwa kwenye meza walimjua. Mmoja akampisha mbele ya foleni, na Mwalimu akakataa, akasimama mwisho kama wengine, akapiga soga na mhasibu kutoka Nairobi aliyekuwa anakimbia kwa mara ya kwanza na anaogopa. Alimshauri afunge kamba za viatu kwa kulegea kidogo kwa sababu joto la pwani huvimbisha mguu. Alimwambia akichoka atembee. Atembee tu, hakuna atakayemcheka. Nilisikiliza maneno yale nikiwa nimesimama nyuma yake, na mashavu ya miguu yangu yakakumbuka fimbo ya mkaratusi.

Mchana alikula tambi sahani mbili, akalala, akaamka, akanitembeza hadi ukuta wa bahari. Alinionyesha maji kama mtu anayeonyesha shamba lake. Nilimwambia ni kubwa. Sikutaka kumpa zaidi ya hapo.

Mbio zilianza Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Nilimwona akiondoka katikati ya mamia, kaputula nyeupe, mabega chini. Kisha nikaenda kukaa kwenye kivuli cha duka la vipuri karibu na mwisho. Wa kwanza walirudi kabla jua halijawa kali, wembamba, wakali, kama risasi. Wakaja wa kawaida. Wakaja wanene, wakaja waliovaa kofia za kuchekesha, baba aliyemvuta mwanawe mkono mita za mwisho, na mhasibu wa Nairobi analia kwa sauti. Saa nne joto lilikuwa limekaa barabarani kama kifuniko cha sufuria. Saa tano watu wa msalaba mwekundu walipita na machela, nikanyoosha shingo. Alikuwa kijana. Saa sita kasoro walianza kukunja vizuizi. Nilifikiri: basi imekuwa. Nikangoja furaha ije. Nilipata kiu tu.

Alitokea akiwa peke yake. Mguu wa kushoto ulikuwa unageukia ndani. Uso ulikuwa na chumvi nyeupe mpaka masikioni, na alikuwa akitabasamu, si kwa mtu yeyote. Mwanamke wa duka alipiga makofi, watu wa vizuizi wakaacha kazi wakapiga makofi. Niligundua nimesimama. Sikumbuki nilisimama lini.

Aliketi ukingoni mwa barabara na medali yake shingoni. Nilimpa maji. Akanywa yote. Hapo nikamwambia, kwa sababu nilikuwa nimeyabeba muda mrefu na sikuwa na mahali pengine pa kuyatua.

"Uliacha bibi yako barabarani," nilisema. "Alikuita. Ukakimbia, na ulipofika ukatuambia ulitumia masaa ngapi."

Aliangalia barabara aliyotoka.

"Hapa watu wanakimbia na nyuma yao hakuna kitu," akasema. Alikuwa ameacha Kiswahili cha kitabu. "Uliona? Hakuna kitu. Njo maana nakuyaka huku kila mwaka."

Nilimwambia hilo si jibu. Akakubali kwamba si jibu. Aliniomba nimfungulie kamba za viatu, vidole vyake vimekufa ganzi, nikakataa, na mwanamke wa duka akaja akamfungulia.

Tulipofika Goma, kaka alikuwa na magunia mawili ya mchele ya kumshushia mteja wa Sake, na barabara ilikuwa wazi wiki ile, kwa hiyo tulikwenda sote. Wakati kaka anashusha mzigo, Mwalimu aligeuka kwangu ndani ya kabini akaniomba nimwonyeshe kaburi la mkewe. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza.

Tulipanda polepole. Mteremko ule umejaa. Misalaba ya mbao imesimama karibu karibu, mingine imelala, majina yameandikwa kwa rangi ambayo mvua inaifuta. Nilikuwa mbele. Na nilipokaribia mstari wa shangazi, kitu kilinishika. Sikutaka afike pale. Nilitaka shangazi awe na mahali pamoja duniani ambapo mtu yule hatamfikia akiwa amechelewa. Nikapinda mkono wa kushoto, nikasimama mbele ya msalaba wa mtu nisiyemjua, nikasema ndiyo huu. Nilijua macho yake hayawezi kusoma.

Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma. Halafu akaongea, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Uliniita mara tatu," alisema. "Nilisikia zote. Nimesema miaka yote nilisikia moja, tena si muzuri. Nilisikia zote tatu. Miguu ilifurahi kukimbia, na mi niliiachia. Ile ya masaa, niliisema juu sikukuwa na kitu ingine ya kusema. Wewe ulikuwa munyevu, ulikuwa unatetemeka, na mi nilikuwa mukavu. Nilipata haya."

Honi ya lori ililia chini. Tukateremka. Nilikuwa nimemwibia maneno yake na kumpa maiti mwingine, na nilifurahi, na furaha ile ilidumu mpaka Goma.

Miezi minne baadaye kaka alinipigia tena. Mwalimu alikuwa amelala kwake, miguu imevimba maji, daktari ameacha kutoa dawa mpya. Alikuwa anaomba kitu kimoja: azikwe Sake kando ya mkewe. Kaka hakujua mahali. "Papa anasema wewe njo unajua," aliniambia.

Nilikaa siku mbili na simu mikononi. Siku ya tatu nilienda. Alikuwa kwenye godoro karibu na dirisha, miguu ile iliyosifiwa imekuwa minene na inang'aa kama mihogo iliyomenywa. Nilimwambia bila kukaa. Nilisema kaburi nililomwonyesha halikuwa la shangazi, kwamba nilifanya kusudi, na kwamba sikuja kuomba msamaha.

"Nilijua," akasema.

Nikamuuliza alijuaje.

"Ya karibu njo siwezi kusoma. Ya mbali naona. Ilikuwa jina ya mwanaume."

Nje mtu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Sasa kwa nini ulisema yote ile?"

Alichukua muda kupata pumzi.

"Yeye alishajua," alisema. "Nilimuambia mu kambi, mbele ya kwenda Mombasa. Aliniambia niende tu. Wewe njo haukukuwa umesikia."

Hasira niliyoipata ilikuwa mpya kabisa, kama ya msichana aliyezimia kwenye mwinuko akaamka na kuambiwa dakika alizopoteza. Shangazi alikuwa anajua, akanyamaza, akafa, na mimi miaka yote ile nikaendelea kumchukia mtu kwa ajili yake bila yeye kuniomba. Mwalimu aliniuliza kaburi la kweli liko mstari gani, nikamwambia: wa tatu kutoka barabarani, karibu na jiwe lililopasuka. Aliuliza kama nafasi iko. Nikasema iko.

Tulimzika wakati wa mvua kubwa. Wachimbaji walipofika kwenye mstari wa tatu waliniuliza wachimbe wapi, kwa maana kaka alikuwa amewaambia wanisikilize mimi. Walitaka kusogeza mawe ya shangazi ili makaburi mawili yagusane, kama wanavyofanya kwa mume na mke. Niliwakataza. Nilisimama juu ya nyasi, nikapima kwa mguu wangu, nikawaambia waache hatua moja katikati.